Damu Inasema Nini Kabla ya Miale?

(Maneno tuliyozungumza na akina mama na akina baba wa jumuiya ndogo ndogo, Kakamega)

 

Leo tunajibu swali ambalo tumeulizwa mara nyingi tukitembelea wagonjwa: "Hospitalini wanatutoa damu kila wiki. Mbona hiyo damu haiwaambii mapema ni nani ataumizwa na miale?"

Aliyetuuliza kwanza ni mama mwenye kansa ya mlango wa kizazi. Alikuwa ameanza matibabu Nairobi, akilala kwa mtu wa ukoo. Juma la tatu tumbo likaanza kuendesha usiku na mchana, na mkojo ukamchoma. Aliona aibu kusema. Akapanda matatu akarudi nyumbani, na majirani wakamwambia, "Si tulikuambia hiyo mashine inachoma watu?" Sisi tulipofika kwake, siku 19 zilikuwa zimepita bila matibabu.

Basi tuelewane. Miale huua kansa, lakini ikipita kwenye nyonga hugusa pia majirani wa kansa, yaani utumbo, kibofu na njia ya haja kubwa. Kwa kawaida mgonjwa hupigwa miale siku 5 kwa wiki, karibu majuma 5. Wengi hupewa pia dawa ya kansa kwa mshipa mara moja kwa wiki, halafu miale ya ndani. Madaktari hutaka yote yaishe katika majuma 8, kwa sababu siku zikirefuka kansa hupata nafasi ya kumea tena. Kuhara na uchovu huwapata wengi. Si dalili kwamba mtu amerogwa, wala kwamba dawa imekataa.

Damu inayotolewa leo ina kazi yake, na tunaomba mtu asiikwepe:

1. Huonyesha kama damu imepungua. Miale hufanya kazi vizuri mahali penye oksijeni ya kutosha, na oksijeni hubebwa na damu. Mama aliyetokwa damu miezi mingi huenda akahitaji kuongezwa damu kwanza.

2. Huonyesha chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Zikishuka sana, ile dawa ya mshipa husimamishwa kidogo.

3. Huonyesha hali ya figo. Dawa inayotumika sana pamoja na miale hii, sisiplatini, inaweza kuziumiza.

4. Huonyesha kama kuna virusi vya UKIMWI. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wenye virusi hivyo wako katika hatari ya kansa hii mara 6 kuliko wengine. Mwenye virusi hutibiwa kansa kama wengine, ila lazima ameze dawa zake bila kuruka.

Sasa lile swali lenyewe: je, damu inaweza kutabiri nani ataumia? Wataalamu wanatafuta. Kuna kitu kiitwacho sitrulini, ambacho hutengenezwa na utumbo mwembamba. Ngozi ya ndani ya utumbo ikiharibika, sitrulini hupungua katika damu. Lakini hiyo ni kama moshi: ukiuona, moto umekwisha kuwaka.

Wengine walitaka kujua kabla ya moto. Mwaka 2005 watafiti wa Ulaya walitoa matokeo ya wagonjwa 399 wa kansa mbalimbali. Walichukua damu kidogo, wakaipiga miale ndani ya maabara, wakahesabu chembe nyeupe zilizokufa. Mtu angedhani zikifa nyingi ndiyo hatari. Sivyo! Wale ambao chembe zao zilikufa kwa wingi ndio walioumia kidogo miaka iliyofuata. Ni jambo la kutia moyo, lakini uchunguzi mwingine baadaye haukupata jibu lilelile kila mahali. Kwa hiyo hadi leo hakuna kipimo cha damu ambacho daktari hutegemea kila siku kumwambia mama wa Lurambi au Shinyalu, "Wewe utaumia, wewe hutaumia." Mtu akikuuzia kipimo cha namna hiyo, shika pesa zako.

Kama damu haijajua kutabiri, basi kinachotuokoa ni mdomo. Mgonjwa aseme siku ileile: nimeharisha mara ngapi, mkojo unachoma, naona damu. Dawa za kuzuia kuhara zipo, na maji ya chumvi na sukari yapo. Dawa ya mitishamba usinywe kwa siri, mwambie daktari. Na usikae nyumbani ukingoja upone ndipo urudi. Daktari ndiye wa kusema pumzika.

Hata miale ikiisha, mambo mengine huchelewa. Damu kutoka njia ya haja kubwa inaweza kuja baada ya miezi au miaka. Njia ya uke inaweza kukauka na kuwa nyembamba, na hedhi hukoma kwa aliye kijana. Akina baba, hapa ndipo tunawahitaji. Mke akisema anaumia, si kwamba amekukataa. Nendeni pamoja kwa muuguzi, maana msaada upo.

Yule mama alirudi. Daktari hakumgombeza, alihesabu siku akapanga upya, naye akamaliza. Bado anakwenda kliniki, nasi bado tunamtembelea. Lakini zile siku 19 hakuna anayeweza kumrudishia, na hatutaki mwingine azipoteze.

Kwa hiyo tunaomba kila jumuiya iteue watu wawili. Mwenzenu akienda kupigwa miale, mmoja ampigie simu mara mbili kwa wiki na kumwuliza wazi habari za tumbo na mkojo. Wa pili aangalie watoto, ng'ombe na nauli, ili mgonjwa asiwe na sababu ya kukimbilia nyumbani. Leteni majina kabla hatujaachana leo.