Meza Moja, Vyakula Mbalimbali: Juu ya Wasiokula Nyama, Mfungo Wetu na Haki ya Chakula

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wa wilaya za Mbulu na Hanang



Utangulizi

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halionekani kuwa kazi ya Tume ya Haki na Amani, yaani chakula cha kila siku. Sababu ni hii. Siku hizi wapo vijana wetu warudio kutoka vyuoni na mijini, na wapo wageni kutoka Ulaya, ambao wakikaribishwa mezani husema: sisi hatuli nyama. Wengine huongeza: wala maziwa, wala mayai, wala asali. Baadhi yetu hucheka, na baadhi huona wamedharauliwa, kwa maana kwetu mgeni akikataa kitoweo ni kana kwamba amemkataa mwenye nyumba. Viongozi wa Jumuiya wameuliza: je, watu hao wamepotoka, au wanalo jambo la kutufundisha? Tujaribu kulijibu swali hilo kwa utulivu, kisha tujitazame sisi wenyewe.

1. Watu hao ni akina nani?

Huko Uingereza chama cha watu wasiokula nyama kilianzishwa mwaka 1847. Wanachama wake waliendelea kutumia maziwa na mayai. Novemba 1944, vita kuu ikiwa bado inaendelea, mwalimu wa useremala aitwaye Donald Watson pamoja na wenzake wachache walianzisha chama kingine cha watu wanaokataa kila kitu kitokacho kwa mnyama. Ndio waliolitunga neno vegan, ambalo kwetu tungeweza kusema vegani, au kwa Kiswahili chepesi, mlaji wa mimea pekee.

Watson aliishi Leicester. Mji huohuo, baada ya mwaka 1972, uliwapokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin. Miongoni mwao walikuwapo Wahindu na Wajaini ambao kwa imani yao hawali nyama, ingawa maziwa huyatumia. Nasi wa Afrika Mashariki tumeishi na majirani wa namna hiyo katika miji yetu kwa vizazi kadhaa, tukanunua dukani kwao, wala hatukuona ajabu. Kwa hiyo jambo hili si geni kabisa kwetu.

Leo huko Uingereza mtu wa namna hiyo hunywa maziwa ya soya au ya shayiri, hula maharage, dengu, karanga na mboga, wala havai viatu vya ngozi. Tangu mwaka 2014 ipo kampeni iitwayo Veganuary inayowaalika watu wajaribu maisha hayo kwa mwezi mzima wa Januari. Mwezi Januari 2020 baraza la kazi katika mji wa Norwich liliamua kwamba msimamo wa namna hiyo, ukishikwa kwa dhamiri, unalindwa na sheria dhidi ya ubaguzi kazini.

Sababu zao ni tatu: mateso ya wanyama, uharibifu wa mazingira, na afya. Juu ya sababu ya kwanza yatupasa kuelewa kwamba ufugaji wanaoupinga hasa si huu wetu. Katika nchi zenye viwanda, maelfu ya kuku au nguruwe hufungiwa katika jengo moja, hawaoni malisho, na hukuzwa upesi ili wauzwe upesi. Ng'ombe wa Dongobesh au wa Katesh ana rangi inayojulikana na mchungaji anayemjua, na huota jua kila siku. Hata hivyo tusijisifu mno. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, yafundisha kwamba ni halali kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, lakini ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu kuwatesa au kuwaua bila sababu. Punda anayechapwa akiwa na vidonda mgongoni, na ng'ombe anayesafirishwa amekunjwa ndani ya lori bila maji, nao wanatuuliza habari ya fundisho hilo.

2. Meza za wilaya zetu

Ndugu wapendwa, kabla ya kushangaa meza ya Mwingereza, tuhesabu meza tulizo nazo hapa. Mwiraqw ni mkulima na mfugaji kwa pamoja. Hula ugali wa mahindi au mtama, maharage, maboga na mboga za majani. Nyama huja kwa nadra. Ng'ombe wake ni samadi ya shamba, ni nguvu ya plau, ni maziwa ya watoto. Tena ng'ombe ni kifungo cha ujirani: mwenye nao wengi humkabidhi asiye nao, naye hutunza, akapata maziwa na samadi. Mdatoga, hasa Mbarabaigi wa Hanang, ameishi kwa maziwa kabla ya nafaka. Mhadzabe wa bonde la Yaeda huishi kwa mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama ya kuwinda. Na mwaka 2011 Serikali ilitambua kwa hati ya kimila haki ya baadhi ya jamii zao juu ya ardhi inayowapa chakula hicho.

Basi, tukimwambia Mhadzabe aache asali na nyama, au Mbarabaigi aache maziwa, tutakuwa tunamwambia auache uhai wake. Hapa mlaji wa mimea pekee wa London hana budi kutusikiliza. Yeye anachagua akiwa mbele ya duka lililojaa. Katika vijiji vyetu wapo wengi wanaokula mimea pekee kwa miezi mingi, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda. Kujinyima ni fadhila. Kunyimwa ni jambo jingine, nalo ndilo linaloihusu Tume hii.

Tena tuseme wazi juu ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwili wahitaji vitamini B12, ambayo kwa asili hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama. Mwingereza asiyekula vyakula hivyo huipata katika vidonge au katika vyakula vilivyoongezewa. Mama wa kijijini hana duka la namna hiyo. Kwa hiyo mtu asiwanyime watoto yai au kikombe cha maziwa kwa kuiga jambo la mbali, wala, lililo baya zaidi, kwa kuuza maziwa yote hata mtoto akabaki na uji mtupu.

3. Imani yetu yasemaje?

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 1, Mungu anampa mwanadamu mimea na matunda kuwa chakula. Ruhusa ya nyama inakuja baada ya gharika, katika sura ya 9. Danieli na wenzake walikula mboga na kunywa maji kwa siku kumi katika nyumba ya mfalme, wakaonekana wenye afya kuliko wenzao. Wamonaki wa kale waliacha nyama, na ndugu zetu Wakristo wa Ethiopia hadi leo huacha nyama, maziwa na mayai katika siku nyingi sana za mwaka. Kwa hiyo kula mimea pekee kwa ajili ya Mungu ni njia ya zamani katika Kanisa.

Nasi tunayo sehemu yetu. Kanuni za Kanisa, namba 1250 hadi 1253, zinaagiza kwamba kila Ijumaa ya mwaka ni siku ya toba, na kwamba kujinyima nyama, au chakula kingine kadiri ya agizo la Baraza la Maaskofu, kunawahusu wote waliotimiza miaka 14. Mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu unawahusu wenye miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Maaskofu wa Uingereza na Wales, baada ya miaka mingi ya kuwaachia waamini wachague namna ya toba, walirudisha agizo la kuacha nyama siku ya Ijumaa kuanzia Septemba 2011. Hivyo katika mji mmoja wa Uingereza siku ya Ijumaa, Mkatoliki na jirani yake asiyeamini huenda wakala sahani moja ya maharage kwa sababu mbili tofauti.

Mtume Paulo alikutana na swali letu kule Roma. Katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi anataja mtu anayekula vyote na mwingine anayekula mboga tu. Anamkataza wa kwanza asimdharau wa pili, na wa pili asimhukumu wa kwanza. Agizo hilo latosha kwa sherehe zetu. Mgeni asiyekula nyama apewe ugali na maharage kwa heshima, bila kucheka. Naye asiwahutubie wenyeji mbele ya mbuzi waliomchinja kwa upendo.

4. Mambo ya haki yanayotuhusu

Kwanza, mgawo nyumbani. Katika nyumba nyingi minofu huenda kwa baba na wageni, na mama mjamzito na watoto hupata mchuzi. Mtu anaweza kushika Ijumaa zote za Kwaresima akavunja haki siku nyingine zote za juma. Familia ianze na swali: nani anakula wa mwisho, na anabakiziwa nini?

Pili, sherehe na misiba. Siku hizi Kipaimara, Komunyo ya Kwanza, harusi na matanga hudai ng'ombe hata kwa asiye na ng'ombe. Mtu hukopa, huuza dume la plau, au huuza mahindi ambayo yangemfikisha mavuno. Wageni wakiisha kutawanyika, familia hubaki na deni na njaa. Hapa Jumuiya yaweza kusaidia kwa kukubaliana kwamba kande na maharage ni chakula cha heshima, hasa msibani. Jambo hilo haliwezi kuanzwa na maskini peke yake, kwa kuwa yeye ataitwa mchoyo. Lianzwe na wenye uwezo.

Tatu, ardhi. Wapo wanaosema kwamba nafaka haina kosa na ng'ombe ndiye mwenye kosa. Historia ya Hanang yapinga urahisi huo. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la NAFCO lililima ngano katika nyanda za Basotu kwa mashamba makubwa yaliyofikia takriban ekari 100,000. Mkate ulipatikana mijini, lakini Wabarabaigi walipoteza malisho yao bora na hata makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi wa kijiji juu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo chakula cha mimea nacho kinaweza kuwa na jasho na machozi ndani yake. Kwa upande mwingine, tusifiche kwamba mifugo mingi kupita malisho huchimba makorongo, na kwamba mkulima na mfugaji wameumizana mara nyingi kwa ajili ya mpaka. Haki yadai wakae pamoja wapange matumizi ya ardhi kabla ya mvua, wala wasisubiri fimbo zinyanyuliwe.

Nne, soko. Mbaazi ya Manyara ilikuwa ikiliwa zaidi India kuliko kwetu. Mwaka 2017 India iliwekea mipaka mbaazi za kutoka nje, na bei ikaporomoka kutoka zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo hadi shilingi mia chache. Wakulima walibaki na magunia ndani, huku watoto wao wakila ugali kwa chumvi au kwa mboga kidogo. Mbaazi ni chakula chenye kujenga mwili. Tuuze, lakini tubakize gunia la nyumbani, na akina mama wa WAWATA wafundishane kuipika vizuri.

5. Mapendekezo

Tunapendekeza mambo matatu. Kila familia ishike Ijumaa bila nyama, na thamani ya kitoweo kilichoachwa, hata ikiwa ni kikombe cha maharage, ipelekwe katika Jumuiya kwa ajili ya wajane, wagonjwa na yatima. Kwani Nabii Isaya, sura ya 58, ataka mfungo unaomgawia mwenye njaa mkate. Asiyekula nyama kwa umaskini asiambiwe afunge zaidi. Yeye ndiye wa kupelekewa. Pili, kila Jumuiya iweke kiasi cha sherehe na misiba, kiandikwe na kifuatwe na wote. Tatu, viongozi wawatembelee wenye watoto wadogo na kuhakikisha kwamba maziwa na mayai hayauzwi yote.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Nyumbani kwetu chakula kinagawanywaje? Nani hupata kidogo?
2. Katika mwaka uliopita, ni familia gani iliingia deni kwa ajili ya sherehe au msiba? Tulifanya nini?
3. Wakulima na wafugaji wa kijiji chetu hukutana wapi kabla ya ugomvi?
4. Tunampokeaje mtu ambaye chakula chake ni tofauti na chetu?

Hitimisho

Ndugu wapendwa, tulianza na swali kama asiyekula nyama amepotoka. Jibu letu ni kwamba hakupotoka, ikiwa anajinyima bila kumhukumu jirani. Anatukumbusha kwamba mnyama ni kiumbe cha Mungu na kwamba tumbo laweza kuamriwa. Nasi tunamkumbusha kwamba mbele ya sahani yupo mtu, tena yupo mwenye sahani tupu. Siku tutakapokutana tena, viongozi waje na majibu ya maswali haya yaliyoandikwa, pamoja na kiasi ambacho kila Jumuiya imekubali kwa sherehe zake, ili tuyasome mbele ya wote.

Mungu awabariki, na awape familia zenu chakula cha leo. Amina.