WALIOCHELEWA SHULE WAPIMWE KWA HAKI
(Mazungumzo kuhusu madarasa ya MEMKWA pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam)





Zamani, kila matokeo ya mitihani yalipotangazwa, shule zilipangwa kwa safu, zilizofanya vyema juu na zilizoshindwa chini. Darasa dogo la watoto waliokosa elimu nalo huulizwa swali hilo hilo: wamefaulu wangapi? Swali ni halali, kwani fedha ya umma ina hesabu yake. Lakini kabla ya kulijibu hapana budi kuulizwa jingine: ni watoto gani waliomo darasani humo?

MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ulianza kwa majaribio Tanzania Bara mwaka 1999, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto. Miongoni mwa wilaya za mwanzo zilikuwamo Masasi na Kisarawe, jirani ya Dar es Salaam. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kuanza mwaka 2002, ilidhihirika kuwa watoto wengi walikwishapita umri wa kuanza Darasa la Kwanza. Mpango ukawagawa katika marika mawili. Wa miaka 11 hadi 13 huandaliwa kwa mtihani wa Darasa la Nne, na wakifaulu hujiunga na Darasa la Tano katika shule ya kawaida. Wa miaka 14 hadi 18 huandaliwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mafunzo yamefupishwa, na saa za masomo zinaweza kupangwa kwa kuzingatia hali ya wanafunzi.

Sasa itazamwe hali ya Temeke na Kinondoni. Katika Sensa ya mwaka 2002 Temeke ilikuwa na watu 768,451, na mwaka 2012 ikawa na watu 1,368,881. Kinondoni ilitoka watu 1,083,913 ikafikia 1,775,049. Hayo ni kabla ya Kigamboni kutengwa na Temeke, na Ubungo kutengwa na Kinondoni. Ongezeko la namna hiyo halitokani na uzazi peke yake. Ni watu wanaohamia Mbagala, Chamazi, Bunju na Tegeta kutoka mikoani, na wengine kutoka katikati ya mji wakitafuta kodi nafuu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, hata wakaazi wa Bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, nao wakahama pamoja na watoto wao.

Mtoto anayehamahama ndiye anayepotea katika daftari la mahudhurio. Yumo aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani akaachwa bila kuandikishwa. Yumo anayeuza karanga na maji kituo cha daladala mpaka adhuhuri. Yumo yatima anayelea wadogo zake. Mtoto wa namna hiyo akikaa dawati moja na mwenye umri wa miaka saba huona haya, na haya humrudisha mtaani. Darasa la MEMKWA humkutanisha na wa rika lake.

Kwa mintarafu hiyo, mambo matatu yafaa kuzingatiwa katika kupima maendeleo ya madarasa hayo.

Kwanza, udogo wa idadi. Tuseme darasa lina watahiniwa 20. Mmoja akiugua siku ya mtihani, asilimia 5 imepotea. Mwakani wakishinda wawili zaidi, asilimia 10 imeongezeka. Haifai kumsifu wala kumlaumu mwalimu kwa mabadiliko ya mwaka mmoja. Ipimwe miaka mitatu au minne kwa pamoja.

Pili, anayeondoka kwa kufaulu. Mtoto aliyeingia Darasa la Tano huwa mwanafunzi wa shule ya kawaida, na sifa zake za baadaye huandikwa huko. Mwalimu aliyemfundisha kusoma hubaki na daftari lililopungua jina. Asiyefahamu utaratibu atadhani mtoto ametoroka. Kwa hiyo daftari litenganishe waliohamishiwa shule, waliohama mtaa na walioacha masomo.

Tatu, mahali alipoanzia mtoto. Aliyeingia na miaka 12 bila kujua herufi, akatoka anasoma barua na kujumlisha hesabu ya duka, ameendelea sana, hata kama alama zake si za juu.

Hayo yote hayana maana ya kuficha udhaifu. Darasa lisilo na vitabu, au lenye mwezeshaji anayecheleweshewa posho, halitafanya vizuri kwa kuonewa huruma. Kipimo cha haki ndicho kinachoonyesha kosa liko wapi: kwa mtoto, kwa mwalimu, au kwa ofisi.

Ndugu wananchi, jambo hili halipo mbali na Visiwani. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na bado kimehitajika Kituo cha Elimu Mbadala Rahaleo kwa ajili ya waliokatizwa masomo. Aidha, familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa Temeke na Kinondoni, na watoto huvuka bahari huku na huko. Mzazi anayempeleka mtoto kwa jamaa achukue barua ya uhamisho. Anayempokea amfikishe shule wiki hiyo hiyo, asingoje mwaka mpya. Sheha au mwenyekiti wa mtaa anayemwona mtoto barabarani saa za masomo aulize kwao kabla ya kumkemea.

Wahenga walisema: kawia ufike. Aliyekawia asihesabiwe kuwa hakufika, ilhali yumo njiani anakuja.