Flaiwili Isiyochongwa: Kwa Nini Klachi Mpya Haidumu kwenye Magari Yetu

Mada kwa semina ya mafundi magari, madereva na wamiliki wa magari, Kata ya Ruaha, Wilaya ya Kilosa



Nimeombwa nizungumzie ubadilishaji wa klachi na flaiwili. Kwenye maana nitapita haraka, kwa kuwa humu wamo watu wanaoshusha giaboksi kila wiki. Flaiwili hufungwa kwenye mkia wa kranki, presha pleti hufungwa kwenye flaiwili, na diski hubanwa katikati yao. Dereva akikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma vidole vya presha na diski inaachiwa. Akiinua mguu, inabanwa tena. Hayo yanatosha.

Mazingira nayo mnayajua. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, kisha pale mjini Mikumi linachepuka tawi la kuja Kidodi, Ruaha, Kidatu na hadi Ifakara. Magari ya miwa yanatoka shambani na shehena kwenye udongo laini, yanaondoka na kusimama kutwa nzima. Land Cruiser za utalii zinakwama kwenye udongo mweusi wa mbuga ya Mkata. Wanaokwenda Iringa wanakutana na mlima wa Kitonga. Katika kazi zote hizo dereva analazimika kuicheza klachi nusunusu, na joto linalozaliwa hapo linaingia kwenye flaiwili.

Tatizo lenyewe

Gari linaletwa klachi inateleza: injini inanguruma, mwendo hakuna. Giaboksi inashushwa, diski inakutwa imeisha mpaka riveti zimeanza kula chuma. Fundi anaifuta flaiwili kwa kitambaa chenye petroli, anapitisha msasa kidogo, anafunga diski mpya, na jioni gari linaondoka. Haupiti muda mrefu linarudi, linatetemeka wakati wa kuondoka na kunuka kuungua. Mwenye gari anasema diski ni feki. Fundi anaitikia, maana feki zipo kweli sokoni. Flaiwili haijatajwa na yeyote.

Naomba siku moja muitoe nje, muitazame kwenye jua. Mtaona madoa ya bluu yanayokaribia weusi, mapana kama sarafu. Mtaona vinyufa vyembamba, na mifereji ya duara iliyochimbwa na riveti. Lile doa la bluu ni chuma kilichopikwa na joto hadi kikawa kigumu kuliko chuma kinachokizunguka. Msasa unaondoa rangi, ugumu unabaki palepale. Lazeni rula ya chuma juu ya uso huo, mchungulie mwanga unavyopenya chini yake. Diski mpya, iliyo bapa, ikifungwa hapo itagusa kwenye vilima tu. Eneo dogo linabeba kazi ya uso mzima, linaungua, linang'aa na kuanza kuteleza.

Vitabu vya Toyota, kwa modeli nyingi, vinataka kichwa cha riveti kiwe chini ya uso wa diski kwa angalau milimita 0.3, na flaiwili isiyumbe zaidi ya milimita 0.1 inapozungushwa. Milimita 0.1 ni kama unene wa karatasi ya daftari. Jicho haliwezi kupima hilo, hata la fundi mkongwe. Inatakiwa geji ya saa.

Simlaumu fundi yeyote, na ninawajua humu wanaofanya kazi safi. Mashine ya kukereza haiko katika kila gereji. Flaiwili ikipakiwa kwenye basi kupelekwa Morogoro, kilomita 120 hivi kutoka Mikumi, gari linalala. Mwenye lori anahesabu tripu zinazompotea, anasema funga hivyohivyo. Naielewa hesabu yake. Lakini miaka yote hii inaniuma kumwona fundi chini ya gari lilelile, akishusha giaboksi ileile mara ya pili bila malipo, kwa kukwepa kazi ndogo ya mashine.

Kuchonga nako kuna masharti yake. Kisu cha mashine ya kukereza huweza kuruka juu ya madoa magumu na kuacha vilima vilevile, kwa hiyo ni bora uso usagwe kwa jiwe. Flaiwili yenye kidaraja, uso wa diski ukipunguzwa, ukingo wa presha nao upunguzwe kwa kipimo kilekile, la sivyo presha inapoteza mbano. Yenye nyufa za kina, au iliyofika unene wa mwisho wa mtengenezaji, haichongwi tena. Zile za vipande viwili zenye springi ndani hazichongwi kabisa, zinanunuliwa mpya.

Mapendekezo

Kwa mafundi: bei ya klachi itajwe pamoja na kazi ya flaiwili tangu mwanzo. Mteja aitwe aione kabla haijafungwa, na akikataa isichongwe, iandikwe kwenye risiti. Msasa usihesabiwe kuwa ni matengenezo. Sili ya nyuma ya kranki ikaguliwe, kwa sababu ikivuja italoanisha diski mpya. Bolti zikazwe kwa msalaba, kwa spana inayopima nguvu. Vumbi la klachi lisipulizwe kwa kompresa: diski nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na mapafu hayana spea.

Kwa madereva: mguu usipumzike juu ya pedali, wala gari lisizuiwe mlimani kwa klachi. Breki ya mkono ipo.

Kuhusu mashine, vijana wa Ruaha na Mikumi wanaweza kuunda kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo 4 ni za vijana, 4 za wanawake na 2 za watu wenye ulemavu. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ifuatwe kwa ushauri wa mashine. Mashine ikiwa karibu, neno "funga hivyohivyo" litapungua.

Chuo cha ufundi stadi cha VETA Mikumi nakiomba kwa heshima, nikijua bajeti na ratiba zina wenyewe, kiandae mafunzo mafupi ya kupima flaiwili. Mafundi waliojifunzia mtaani waombe kutathminiwa na VETA ili ujuzi wao upate cheti.

Narudia: flaiwili ichongwe kila diski inapobadilishwa, au ipimwe na kuthibitishwa kuwa nzima. Wamiliki wenye magari ya injini ya aina moja wachangie flaiwili moja ya akiba, iliyokwisha kuchongwa, ili ya zamani ikipelekwa Morogoro gari lisilale. Ya akiba ihifadhiwe imelazwa, imepakwa oili nyepesi na kufungwa kwenye mfuko. Siku ya kuifunga, uso wake usafishwe kwa dawa ya kusafishia breki, na usiguswe tena na mkono wenye grisi.