Programu za Kwanza kwa Msanifu wa Tovuti
Anayeanza kujifunza usanifu wa tovuti hana budi kutofautisha picha za pikseli, yaani zile zinazoundwa kwa vinukta vya rangi na ambazo hupoteza ung'avu zikikuzwa, na michoro ya vekta, ambayo kompyuta huikokotoa upya kila inapokuzwa, kiasi kwamba nembo iliyochorwa kwa programu ya bure ya Inkscape na kuhifadhiwa katika muundo wa SVG hubaki na kingo safi hata kwenye kioo kikubwa. Kwa picha za pikseli, programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ina uwezo mkubwa mno, lakini tangu 2013 matoleo yake mapya hulipiwa ada ya mara kwa mara, ilhali GIMP, ambayo hukata picha na kupunguza uzito wa faili bila malipo yoyote, yamtosha kabisa mwanafunzi. Na aanze na hizo mbili za bure, fedha za ada azinunulie bando.