Mlango wa Kioo Unaokwama Usilazimishwe



Milango ya kioo na alumini inayofunguka kwa kuteleza imeenea katika nyumba, maduka na zahanati. Inapokwama, wengi huisukuma kwa bega. Hatari ni mbili: kioo kuvunjika na, siku ya moto, waliomo ndani kukosa njia ya kutokea.

Aghalabu chanzo ni vumbi na mchanga uliojaa katika reli ya chini. Mchanga huo husaga magurudumu madogo yanayobeba uzito wa mlango. Basi reli ifagiliwe kwa brashi kavu, ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha ikaushwe. Vitundu vya kutolea maji ya mvua vizibuliwe. Grisi na mafuta ya kupikia visipakwe, kwani hunasa vumbi upya. Silikoni ya kupuliza yafaa zaidi.

Mlango ukiendelea kukwaruza, zitafutwe skrubu zilizo karibu na ncha mbili za ukingo wa chini. Hizo huinua au kushusha magurudumu. Zizungushwe kidogo kidogo kwa bisibisi, mpaka mlango ukae sawa.

Magurudumu yaliyolika hayana budi kubadilishwa. Kazi hiyo hudai kuutoa mlango kwenye reli, nao ni mzito: watu wazima wawili wahitajika, watoto wakiwa mbali. Mlango ambao kioo chake kina ufa uachiwe fundi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Brashi ya kila wiki huokoa bei ya kioo kizima.