VYAMA VYETU NA ULINZI WA WAZEE

(Maneno ya hotuba kwa vikundi vya wanawake, vijana na wazee, vya vijijini na vya mijini)



Nimepewa nafasi ya kusema nanyi habari ya wazee wanaoonewa na watu wa nyumbani mwao, na kazi ambayo vyama vyetu vyaweza kuifanya ili kuuzuia uonevu huo. Sitasema mengi juu ya heshima ya mzee. Hakuna hata mmoja kati yetu asiyejua ya kuwa mzee ni mtu wa kuheshimiwa. Hata yule kijana anayempokonya babu yake fedha, ukimwuliza barazani, atakujibu vizuri kuliko mimi. Shida yetu si kutojua. Shida ni kwamba jambo hili hufanyika ndani ya ua, na sisi tulio nje ya ua twaona haya kupiga hodi.

Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa kati ya kila watu sita waliotimiza miaka 60 na zaidi, mmoja huonewa kwa namna fulani katika muda wa mwaka mmoja. Uonevu huo si fimbo peke yake. Mzee anayenyimwa chakula ameonewa. Anayefungiwa chumbani ili wageni wasimwone ameonewa, na kadhalika yule anayeshikwa mkono na kutiwa dole gumba katika karatasi asiyoijua.

Nianze na fedha, maana hapo pana mambo mepesi ya kutengeneza. Serikali ya Kenya ilipanua mpango wa Inua Jamii mwaka 2018 ili wazee wa miaka 70 na zaidi wapewe shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo si nyingi, lakini kwa bibi asiye na shamba ndizo unga, sabuni na mafuta ya taa. Sasa tazameni jinsi zinavyopotea. Mzee haoni vizuri, kwa hiyo kadi yake inakaa kwa mwanawe, na namba ya siri anaijua mjukuu. Siku ya malipo mjukuu anarudi jioni, naye ananuka pombe, akisema kwamba mwezi huu fedha hazikuja. Bibi hana njia ya kujua. Lakini jirani yake aliyelipwa siku ile ile anajua! Basi kikundi kikiwa na desturi ya kuwakusanya wazee wa mtaa pamoja siku ya malipo, na kuwasindikiza wote kwa safari moja, uongo huo hauna pa kusimama. Wanufaika wa mpango huu wana kamati zao za masilahi, na kikundi chenye busara kitafanya kazi pamoja na kamati hiyo, wala hakitaunda nyingine ya kushindana nayo.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo lataka maneno mengi. Katika sehemu za Kilifi na za Kisii, wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi. Mwaka 2008 upande wa Kisii watu 11 walichomwa moto. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa shutuma hiyo hiyo. Kilifi nako mambo yamefika hata wazee wengine wakazipaka mvi zao rangi nyeusi, kwa sababu mvi zimekuwa kama ushahidi. Fikirini jambo hilo: ni watu hao hao wa Pwani wanaomtaja kwa sifa Mekatilili wa Menza, mjane wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake mwaka 1913 hata akahamishwa mpaka Kisii, akatoroka na kurudi kwao. Naye wakati huo hakuwa msichana.

Mauaji haya hayaanguki kama radi. Yana njia yake, na aliyekaa kijijini anaijua. Mtoto anakufa, au ng'ombe, au kijana anakosa kazi. Watu wanakwenda kwa mganga. Jina la mzee linatajwa, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti kilabuni. Watoto wanakatazwa kupita uani kwake. Kisha inaonekana barua mlangoni isiyo na jina, ikimwambia ahame. Baada ya hapo ni usiku mmoja tu. Njia yote hiyo yaweza kuchukua majuma, na katika majuma hayo ndipo chama kina nafasi.

Wanachama na waulize swali moja tu, na waliulize mapema: mzee huyu akiondoka, ni nani atakayelichukua shamba? Mara nyingi jibu ndilo litakaloonyesha uchawi ulikotoka. Mahali ambapo shamba halina hati, neno la mzee ndilo hati. Yeye ndiye anayejua mpaka ulipo na mnazi huu ulipandwa na nani. Mwenye tamaa anajua hayo pia.

Kaya Godoma, katika sehemu ya Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia vitisho vya namna hiyo, na waliowapokea wanastahili shukrani. Lakini tusijidanganye. Mzee anapofika kwenye kimbilio amekwisha poteza nyumba yake, kuku wake na kaburi la mumewe, na yule aliyemshutumu amekwisha pata alichokitaka. Kwa hiyo kazi kubwa ya chama ni kumwezesha mzee akae pale pale kwake. Mnong'ono ukisikika, watu wanne au watano wanaoheshimiwa, wanawake wakiwamo, wamtembelee mzee hadharani, mchana, wakae naye na kula kwake. Habari hiyo itafika kilabuni kabla ya jua kuchwa. Halafu chifu, wazee wa ukoo, imamu na mchungaji waitwe kwa pamoja, na barua ya vitisho ipelekwe polisi, isichanwe kwa hasira. Watu wengi hawajui ya kuwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inamtia hatiani pia yule anayemshutumu mwenziwe kuwa mchawi, isipokuwa amepeleka neno lake mbele ya wenye mamlaka. Yafaa sheria hiyo isomwe barazani, tena zaidi ya mara moja.

Hapa pana neno la afya pia. Kuna wazee wanaoshikwa na ugonjwa wa akili wa kusahau. Huamka usiku wakatoka nje bila nguo, wakapotea njia, wakaonekana alfajiri mlangoni pa mtu mwingine, wakisema maneno yasiyoeleweka. Huyo ni mgonjwa. Macho mekundu nayo ni kazi ya moshi wa jikoni wa miaka 50. Mhudumu wa afya wa kijiji akialikwa kwenye mkutano wa kikundi na kulieleza jambo hili, huenda akaokoa maisha bila kutumia dawa hata moja.

Sasa niseme neno ambalo huenda likawaudhi wengine. Karibu kila mtaa una chama cha kuzikana. Mzee akifa, turubai linafika, sufuria kubwa zinafika, fedha zinachangwa kwa siku tatu. Huenda marehemu huyo alilala na njaa mwezi mzima, na waliochanga walijua. Sisemi mazishi yaachwe. Nasema chama chenye daftari, mweka hazina na wanachama wanaofika kila mwezi kimekwisha kuwa na vyote vinavyohitajiwa kumtazama mzee angali hai. Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilitufundisha ya kuwa kikundi cha kina mama chaweza kuingia katika nyumba ambayo askari hataingia bila kugombana na mtu. Nguvu hiyo ingalipo.

Lakini waingie kwa upole. Mzee mara nyingi humficha mwanawe. Atasema ameanguka, kumbe amesukumwa. Ukimtangaza mwana huyo barazani, wageni wakiondoka mzee ndiye atakayelipa. Tena si kila anayekosea ni mkatili. Mkamwana anayemgeuza mama mkwe kitandani usiku na mchana, peke yake, huku mumewe yuko Mombasa wala haleti kitu, siku moja atachoka na kupaza sauti, na siku nyingine mkono. Akipewa siku moja katika juma ya kupumzika, wenzake wakishika zamu, huenda mkono huo usiinuke. Vijana wa bodaboda nao wanaweza kumpeleka mzee zahanati kwa zamu. Nao huona mengi njiani.

Panapokuwa na kipigo au wizi, upole una mwisho wake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kuteswa, na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia jeuri za nyumbani yaiwezesha mahakama kumkataza mkosaji asimkaribie mzee. Tena shamba la kilimo lililo chini ya bodi ya ardhi haliuzwi wala kugawanywa bila idhini ya bodi hiyo. Mzee asiende huko na mnunuzi peke yake, aende na wajumbe wawili wa kikundi, na karatasi isomwe kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia dole gumba.

Kikundi kinachotaka kuanza kinunue daftari. Katika ukurasa wa kwanza yaandikwe majina ya wazee wa mtaa wanaoishi peke yao, na mbele ya kila jina, jirani anayekaa karibu kabisa, na siku aliyomwona mara ya mwisho.