Kabla Hujasimama Mbele ya Darasa



Ndugu zangu na dada zangu wa Migori na Homa Bay, nyinyi mliojitolea kwenda mashuleni kuzungumzia kazi zenu, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Leo tuongee vile utasimama mbele ya watoto hamsini, saa nane mchana, na wasikusinzie.

Kwanza ujue unaenda kufanya nini. Mtoto wa Gredi ya 9 siku hizi anachagua mkondo wa sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala huu imeingia Januari 2026. Sasa atachaguaje kazi ambayo hajawahi kumwona mtu akiifanya? Na usidhani uko peke yako unayemwita. Machimbo ya dhahabu kule Macalder yanamwita, yana pesa leo hii. Mashua za Sori, Muhuru Bay na Mbita nazo zinamwita. Wewe una dakika thelathini tu.

Halafu kuna letu sisi. Waislamu huku ni wachache. Kendu Bay tuko tangu zamani, Migori mjini tuko, lakini kuna mtoto ambaye sauti ya Mwislamu ameisikia kwenye taarifa ya habari tu, tena habari mbaya. Na kuna binti yetu ameketi nyuma, pengine ndiye Mwislamu pekee darasani. Akikuona wewe ni nesi, fundi umeme au mhasibu, umeshamjibu swali ambalo hakuthubutu kuuliza.

Haya, twende kazini.

Usianze na vyeti. Mtoto hana haja na diploma yako. Anza na kitu cha kushika. Nesi, beba kipima mapigo ya moyo, kila mmoja asikilize moyo wa mwenzake. Fundi umeme, beba testa na waya. Na wewe mama wa omena, usiseme huna kazi ya kuzungumzia! Beba gorogoro lako. Waulize: nimenunua kwa bei hii, nimelipa gari hadi sokoni, nimelipa ushuru, je, niuze gorogoro kwa ngapi nisile hasara? Hiyo ni hesabu, na watapigana kujibu.

Kisha simulia siku moja ya kazi, si maisha yako yote. Taja na ubaya wake. Kama ni mchimba dhahabu, waambie kuhusu zebaki wanayoshika kwa mikono mitupu na jinsi shimo linavyoporomoka. Ukisifu tu, watajua unadanganya.

Waonyeshe pia kazi zilizo karibu wasizozijua. Pale Mbita kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Watafiti pale walisaidia kubuni kilimo cha kuchanganya mahindi na mimea inayofukuza wadudu, na kandokando nyasi za kuwavuta waende huko. Kayongo pia hupungua. Mtoto ambaye kwao kayongo imemaliza shamba ataelewa mara moja kwamba kusoma wadudu ni kazi ya kuleta chakula.

Sasa hili mnisikilize vizuri. Darasani si mimbarini. Kifungu cha 32 cha Katiba ndicho tunachokishika tunapotetea hijabu ya dada zetu. Kifungu hicho hicho kinamlinda mtoto wa Kisabato asihubiriwe na mgeni aliyekuja kuzungumzia umeme. Hatuwezi kudai haki kwa mkono mmoja na kuivunja kwa mwingine. Kazi yako nzuri na tabia yako zinatosha.

Na mtoto akikuuliza, "Wewe ni Al-Shabaab?" usikasirike, na usimwache mwalimu amchape. Huyo amesema alichosikia kwa wakubwa. Mjibu kwa upole: "Hapana. Hao wameua hata Waislamu. Mimi ni fundi, natengeneza taa za watu." Kisha rudi kwenye waya zako. Jibu hilo fupi litafika hadi nyumbani kwao.

Mambo ya mwisho. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu mapema. Usibaki peke yako na mtoto, wala usichukue namba yake ya simu. Picha za watoto usizipige bila idhini ya wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda watoto, na ukurasa wetu huu haujasamehewa. Acha nusu ya muda kwa maswali. Swali usilolijua, sema hujui, kisha mpelekee mwalimu jibu baadaye. Ukiahidi kurudi, rudi. Watoto wa huku wameahidiwa vya kutosha na wanasiasa.

Chagua shule moja iliyo karibu nawe, nenda ukamwone mwalimu mkuu kabla muhula haujaisha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.